Mbao Mbili za Dari ya Jikoni

Tangu Mhando na wenzake waje kujifunza kazi kwenye karakana yangu hapa Kwamndolwa, swali lao ni lile lile: "Fundi, kwa nini juu ya meza ya ruta usiweke fomika? Inateleza, inapanguswa kwa kitambaa, haishiki uchafu." Nami nilikuwa nawajibu, "Sukuma mbao, kijana, acha maneno." Sasa nimestaafu. Mkono wa kulia umeanza kutetemeka, na mkono wa namna hiyo haukai karibu na kisu kinachozunguka. Mchana nakaa barazani nasikiliza mashine inalia bila mimi, na roho inaniuma kuliko nilivyodhani. Basi nitawajibu. Jibu lenyewe ni refu, ndiyo maana sikulitoa wakati wa kazi.

Kwa yule asiyeijua, ruta ni mashine ya kushika kwa mikono miwili, yenye kisu kidogo tumboni kinachozunguka kwa kasi. Inachimba mifereji, inaviringisha kingo, inatoa nakshi ambayo kwa patasi ingekula siku nzima. Ukiifunga kichwachini chini ya meza, kisu kikatokeza kwenye tundu, kazi inageuka: hupeleki tena mashine kwenye mbao, unapeleka mbao kwenye mashine. Hapo kila kitu kinategemea uso wa meza. Uso ukibonyea kidogo tu, mfereji nao unabonyea, fremu inakaa upande, na mwenye nyumba anakufuata mpaka msikitini kukuambia dirisha halifungi.

Nilianza kazi Korogwe mjini, miaka ile Uhuru ungali mbichi, kwa Mzee Kanji. Alikuwa fundi wa Kihindi, Mhindu, mwenye duka la misumari na bawaba mbele na karakana nyuma. Alizaliwa hapa hapa. Kiswahili chake kilikuwa cha Korogwe kabisa, Kishambaa alikijua cha kutosha kuwabana wauza mbao kutoka milimani, na Kigujarati alikiweka akiba kwa ajili ya kutukana nyundo ikimpiga kidole.

Siku ya kwanza alinipa kipande cha mbao ya podo na randa, akaniambia ninyooshe uso mmoja. Nikapiga randa, nikampelekea. Akaweka rula ya chuma juu ya ile mbao, akaiinua usawa wa jicho kuelekea dirishani. "Mwanga unapita," akasema, akanirudishia. Nikapiga tena. "Mwanga unapita." Mpaka jua linazama kile kipande kilikuwa kimebaki chembamba kama rula yenyewe, na mwanga bado unapita. Nikamwambia, "Mzee, mbao imekwisha."

"Mbao imekwisha, wewe bado," akanijibu. "Kesho njoo, nyingine zipo."

Nilirudi kwa hasira tu. Nikakaa naye miaka mingi, na mpaka leo nikiokota kitu chochote kilichonyooka nakielekeza kwenye mwanga. Mke wangu Mwanahawa ananicheka nikifanya hivyo na mwiko.

Meza ya ruta ya Mzee Kanji ilikuwa na uso wa chuma, bamba zito ambalo wanaume wanne walilinyanyua kwa kuguna. Msione chuma mkadhani ndiyo mwisho wa maneno. Kweli hakipindi. Lakini masika ya Korogwe mnayajua. Ukilala bila kukipaka mafuta, asubuhi kina kutu, na ukisukuma podo juu ya ile kutu mbao nyeupe inatoka na mistari myeusi ya kudumu. Ukikipaka mafuta mengi, mbao inayanywa na rangi haishiki. Kazi yangu ya kila asubuhi ilikuwa kulisugua lile bamba kwa msasa na kitambaa. Nililichukia. Leo ningetoa kitu kulisugua tena, huku yule mzee nyuma yangu akinywa chai ya tangawizi na kuniambia kwamba pale kwenye kona nimeparuka.

Halafu mambo yakabadilika. Baada ya Azimio, majumba ya barabara kubwa yakaanza kuchukuliwa na serikali, na jumba la duka lake likawa mojawapo. Wapo waliofurahi, wapo waliosikitika, na wapo kama mimi waliofanya yote mawili kwa siku moja. Watoto wake walikuwa wameshatangulia ng'ambo. Siku ya kufunga aliniita nyuma, akaniwekea ruta mikononi, imefungwa kwenye gunia la mkonge.

"Mhina, hii yako. Bamba limeuzwa na vifaa vingine, usiniombe."

"Sasa mzee, nitaifunga kwenye nini?"

"Meza kila fundi anatafuta yake. Wewe tafuta mbao iliyomaliza kulia. Ukiipata, utaona, haitakusumbua mpaka ufe." Akanipiga bega. "Nitarudi niione. Nitakuja na rula yangu."

Nikambebea sanduku mpaka stesheni. Alikuwa na ile rula ya chuma mkononi, hakutaka kuiweka sandukuni, akapanda nayo treni kama mtu aliyeshika fimbo.

Nikafungua karakana hapa nyumbani, chumba kimoja cha uani, umeme nikauvuta kwa taabu. Mashine ninayo, kazi zipo, maana vijiji vilikuwa vinajenga shule na zahanati na kila jengo linataka madirisha. Kilichokosekana ni uso wa meza tu, na bila huo nilikuwa nachimba kwa patasi na kuchelewesha watu. Nilianza na plaiwudi. Ni nyepesi, imenyooka siku unayoinunua, inatobolewa bila kelele. Lakini ruta ni nzito na inaning'inia katikati usiku na mchana. Baada ya miezi michache katikati kukawa bonde, na masika yalipoingia tabaka zikaanza kuachana kwenye kona. Nikatoa.

Nikapata kaunta ya duka lililofungwa, mbao ya unga wa maranda iliyofunikwa ganda jembamba la fomika. Ndiyo, Mhando, fomika. Usidhani mzee wako hakuijua. Inateleza vizuri mno, mbao inakwenda yenyewe kama imeitwa. Tatizo ni tumboni mwake. Pale unapotoboa tundu la kisu, unga unabaki wazi. Paa langu lilivuja mara moja, tone likaingia pale, na asubuhi kuzunguka tundu kumevimba duara kama andazi. Nikapiga randa ule uvimbe, fomika ikabanduka vipande. Nikakaa chini nikacheka peke yangu, maana kulia ningeonekana mjinga.

Basi nikajifanya bingwa, nikanunua mvule mbichi, ubao mmoja mpana, mzuri wa kutamanisha. Niliupiga randa mwenyewe mpaka mwanga haukupita. Mwezi mmoja tu, ukabinuka kingo juu, katikati chini. Nikaugeuza, ukabinukia upande wa pili. Hapo ndipo nikakumbuka maneno ya Mzee Kanji kuhusu mbao iliyomaliza kulia. Mti ukikatwa una maji, na maji yakitoka kila upande unavuta kwake. Hakuna randa inayomaliza ugomvi huo. Unangoja.

Kwetu ni Misima, upande wa Handeni. Mama yangu alikuwa bado anaishi kwenye nyumba ya zamani, ndani kabisa, mbali na barabara, peke yake tangu baba afariki. Porini kule wapasuaji walikuwa wanaangusha mninga, nami nikanunua kwao mbao mbili nene. Mninga hauna papara. Ukishakauka, masika na kiangazi kwake ni mamoja. Shida ni kuukausha: kwenye jua unapasuka, na karakana yangu inavuja. Nikazibeba mpaka kwa mama.

Wazigua wenzangu wanajua dari ya jikoni ilivyo: fito zilizopangwa juu ya mafiga, mahindi yanakaa pale, moshi wa kila siku unayapitia na wadudu hawagusi. Hakuna mahali pakavu kuliko pale, na joto lake ni la taratibu. Nikapaka rangi ya mafuta kwenye ncha za mbao ili zisichanike, nikazilaza juu ya vijiti zisigusane, mahindi pembeni.

"Sasa mimi nimekuwa mpishi wa mbao," mama akasema.

"Uzigeuze tu, mama, ukipanda kuchukua mahindi. Leo uso huu chini, siku nyingine ule."

"Na chumvi nitie?"

Alikuwa hivyo. Lakini alizigeuza. Kila nilipokwenda kumsalimia alikuwa ananipokea na habari zao kabla ya habari zake. Kwamba ile ya kushoto imelia juzi usiku, kaa! Kwamba sasa ni nyepesi, anaigeuza kwa mkono mmoja. Kwamba kuku ametagia juu yake, na yeye amemwacha mpaka aangue, kwa hiyo mwezi ule ubao mmoja haukugeuzwa na nimsamehe. Nami nilikuwa nikipanda naigonga kwa kidole. Mwanzo ilitoa sauti ya kitu kilicholowa. Mwaka wa pili ikaanza kuitika vizuri, kavu, ya juu. Nikamwambia mama bado kidogo tu, avumilie.

Hicho kidogo hatukupewa. Likatoka tangazo la watu wote kuhamia kijiji cha ujamaa kando ya barabara, ambako kungekuwa na shule, bomba na zahanati. Habari ilinifikia Korogwe lori likiwa limeshapangiwa siku. Balozi wa nyumba kumi, mtu wetu mwenyewe na mpole, alipita akiwaeleza watu kwamba lori ni moja na kaya ni nyingi. Kila kaya ichukue chakula, vyombo, nguo, na mzigo mkubwa mmoja. Mmoja tu.

Nilipanda basi nikijua kwamba nimeshachelewa. Njia nzima nilikuwa nawaza mama atakavyohama na umri wake, halafu, niseme ukweli, nawaza na mbao. Nilijiambia kama zimebaki, basi, mama amefika salama inatosha.

Nilimkuta kwenye kiwanja chake kipya, kibanda cha nyasi kisicho na mlango, majirani wote wakigonga miti. Alikuwa amekaa kwenye mkeka. Nyuma yake, zimeegemea mti wa pembeni wa kibanda, zimefungwa kanga moja zisigongane, mbao zangu mbili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umechelewa. Haya, mizigo yako hiyo, isije ikanyeshewa hapa."

Nikachungulia ndani. Sufuria, gunia la mahindi, mkeka. "Mama, kitanda kiko wapi?"

"Kimebaki kulinda nyumba."

"Mama!"

"Mzigo mkubwa mmoja, ndivyo walivyosema. Kitanda utanitengenezea wewe, si fundi? Hizi nikiziacha utaniambia nianze kuzipika upya, na kuni za hapa bado sijajua zinatoka wapi." Akanyoosha kanga kwenye magoti. "Usinitolee macho. Nimeshachagua."

Kitanda kile baba alikitengeneza mwenyewe walipooana. Baba alikuwa mkulima, si fundi, na mguu mmoja aliukata mfupi. Maisha yake yote alisema sakafu ndiyo mbaya. Chini ya ule mguu palikaa jiwe bapa, na mtu akijigeuza usiku mguu ulinyanyuka ukarudi juu ya jiwe: ko. Nimelala utoto wangu nikisikia hiyo ko kutoka chumba cha pili.

Kesho yake nikaenda kukifuata kwa miguu. Mlango wa nyumba haukuwepo, nyasi za paa zimeshavutwavutwa. Na kitanda hakikuwepo. Nani alikichukua, kwa kulalia au kwa kuni, sikujua na sijajua. Kwenye sakafu ya udongo palikuwa na vishimo vitatu vya miguu, na pale pa mguu wa nne, lile jiwe, limezama nusu, laini juu kwa kusuguliwa. Nilichuchumaa pale muda mrefu nikiwalilia baba, na nyumba, na mwanamke mzima aliyelala chini kwa ajili ya mbao zangu. Kisha nikalichimbua jiwe, nikalitia mfukoni. Sikuwa na sababu. Sikuweza tu kutoka mikono mitupu.

Mama sikumwambia nimelichukua. Nikarudi Kwamndolwa na mbao, nikaanza kazi. Andikeni hapa mnaotaka kujua, maana kazi yenyewe haina siri. Niliziunganisha ubavu kwa ubavu kwa gundi, moja moyo wa mti ukitazama juu, nyingine chini, ili zikitaka kubinuka zipingane. Nikanyoosha kwa randa ndefu, kwa urefu, kisha mshazari, kisha mshazari wa upande mwingine. Nikavuta uzi kona hadi kona. Pale katikati nikachonga nafasi ya kipande cha chuma cha kuning'inizia mashine, kidogo tu, kiasi kwamba kutu yake haigusi kazi. Uso sikuugundisha kwenye miguu ya meza. Niliushika kwa skrubu zenye nafasi, ili ukitaka kupumua upumue. Mwisho nikapaka nta. Nilipoweka rula na kuiinua kwenye dirisha, mwanga haukupita. Niligeuka nyuma kabisa kumwita Mzee Kanji. Palikuwa na Mwanahawa tu, ameleta uji, akaniuliza nimeona nini.

Mzee hakurudi. Mpaka leo likisimama gari mbele ya nyumba nainua kichwa. Nina hakika angetafuta kosa, na angelipata, na hilo ndilo ninalolitamani.

Uso huo haujapinda mpaka leo. Na kila mwaka kabla ya masika, ninapoutoa nta ya zamani kwa msasa, kabla sijapaka mpya, unatoa harufu. Ya moshi, ya mahindi makavu, ya jikoni kwa mama. Inakaa muda wa mtu kunywa kikombe cha chai, kisha inakwisha. Hiyo, Mhando, fomika haina. Meza nawaachieni na mashine nawaachieni, ila siku ya kupiga msasa mniite. Nitakaa pembeni, sitasema neno kuhusu kazi yenu. Nitajitahidi.

Bado deni la kitanda. Ndicho kitu cha kwanza nilichokitengeneza juu ya meza ile, na sijawahi kutengeneza kizuri kama kile. Mninga mtupu, mifereji inayoingiana bila msumari, kingo zimeviringishwa zisimuumize akikaa, kamba mpya za mkonge nimezisuka mwenyewe. Mama alikuwa ameshajengewa nyumba ya udongo. Nikakiweka, nikatoa pima maji, kiputo kikakaa katikati. Mama aliita majirani wote waje waone, akawakalisha mmoja mmoja.

Nilipokwenda tena nikakuta mkeka wake umetandikwa chini, kando ya kitanda, na mto juu yake.

"Mama, kuna nini? Kunguni?"

"Kunguni watoke wapi, kitu kipya?" Akaona haya kidogo. "Kizuri, baba. Kizuri sana. Ila kimenyamaza mno. Najigeuza, kimya. Kule kwetu nikijigeuza, jiwe linaitika, hata baba yako alipofariki likawa linaitika, nalala nikijua kuna mtu. Hapa naona kama nimelala kwa watu, nangoja kuambiwa nirudi."

Nilipanda basi nikarudi Kwamndolwa, nikalichukua lile jiwe. Nilikuwa nimelifanya la kukandamizia kazi zilizopakwa gundi. Nikarudi nalo kwa mama, na msumeno.

Mama aliliona mkononi mwangu, akalitambua, akaweka mkono mdomoni.

Nikakipindua kile kitanda. Nikapima mguu mmoja, unene wa jiwe na zaidi kidogo. Mwenzenu nimekata mbao maisha yangu yote na mkono haukuwahi kusita kama siku ile, kuharibu kwa makusudi kitu kilichonyooka. Nikakata. Nikakisimamisha, jiwe chini ya mguu, nikatoka nje nikakaa kwenye kizingiti kama mgonjwa anayengoja majibu.

Nikasikia kamba zinalia akipanda. Kimya. Akajigeuza.

Ko.

Kisha akacheka peke yake mle ndani, kile kicheko cha zamani, akaniita.

"Naam, mama."

"Sasa ndiyo nimehama."